Bastola iliyostaafu jeshini inataka risasi gani?

Kiswahili kina neno moja tu, risasi, na limebebeshwa mizigo mitatu. Risasi ni ile madini laini, nzito, ya kijivu. Risasi ni kile kipande kinachotoka mtutuni. Na risasi ni kitu kizima unachokisukuma kwa kidole gumba kwenye magazini, kile kisanduku cha bastola kinachobeba risasi. Katika mazungumzo ya kila siku hilo halina taabu. Taabu huanza pale mtu anapouliza bastola yake ya zamani inakula risasi gani, kwa sababu jibu limo kwenye vipande vyake. Kwa hiyo hapa kitu kizima nitakiita risasi. Kile kinachoruka nitakiita kichwa. Kopo la shaba au chuma linalobaki nyuma ni ganda, ndani yake mna baruti, na kitakoni mwake kuna fataki, kile kidonge kinachogongwa na pini ili moto uwake.

Nilianza kuyachambua haya mezani kwa jamaa yangu anayeishi Ohio. Alikuwa amenunua Makarov ya Kibulgaria, bastola ya jeshi iliyokwisha kustaafu, aiweke nyumbani kwa ajili ya kujilinda. Kando yake alikuwa ameweka maboksi matatu ya risasi. La kwanza liliandikwa 9 mm Makarov, la pili 9 mm Luger, la tatu .380. Muuzaji alikuwa amemwambia zote ni "tisa". Nikamwomba atoe risasi moja moja, azisimamishe mezani kama askari wa gwaride. Ya Luger ilikuwa ndefu kuliko wenzake, ya .380 na ya Makarov zilikaribiana urefu, ila ya Makarov ilikuwa nene kidogo kichwani.

Unene huo hauonekani kwa jicho la haraka, na ndio penye kisa. Kichwa cha Luger na cha .380 vina kipenyo cha milimita 9.0 hivi. Cha Makarov kina 9.27. Warusi walipoipitisha bastola ya Nikolai Makarov mwaka 1951, waliipa risasi yake yenyewe, ganda la milimita 18, wakati Luger ni 19 na .380 ni 17. Risasi ya Luger haikai kwenye chemba ya Makarov, kile chumba cha nyuma ya mtutu risasi inamokaa ikisubiri kufyatuliwa, kwa hiyo bastola haifungi, na hapo angalau unajua mapema kwamba umekosea. Ya .380 ndiyo yenye hila. Inaingia, na mara nyingi inafyatuka. Lakini kichwa chake ni chembamba kuliko mtutu, hakishikwi sawasawa na michirizi inayotakiwa kukizungusha, gesi inavuja pembeni, na shabaha inapotea. Mtu anaweza kufyatua magazini nzima na kuondoka akiamini bastola yake ni mbovu, kumbe kosa lilikuwa kwenye boksi.

Basi neno "tisa" lisikutoshe. Tafuta maandishi yaliyochongwa kwenye mtutu au kwenye slaidi, kile kipande cha juu kinachorudi nyuma kila unapofyatua, kisha yalinganishe na yaliyoandikwa kwenye kitako cha ganda. Uhispania nayo ina mtego wake. Kuna bastola za Astra 400 zilizotengenezwa kwa risasi ya 9 mm Largo, yenye ganda la milimita 23, na watu wamezilisha Luger kwa miaka mingi kwa sababu wakati mwingine inakubali. Kukubali wakati mwingine hakutoshi kwa bastola utakayoishika usiku mlango ukigongwa kwa nguvu.

Nieleze kwamba ninaongelea Marekani, kwa sababu ndiko suala hili lilipo. Huko bastola zilizotoka kwenye maghala ya majeshi ya Bulgaria, Poland, Hungaria, Ucheki, Yugoslavia na Uhispania zimeuzwa kwa raia kwa bei ambayo mtu wa kipato cha kawaida anaimudu. Wengi huzinunua kwa ajili ya historia yake. Wapo pia wanaozinunua kwa sababu ndizo wanazozimudu, na hao ndio ninaowaandikia, maana bastola kongwe ndiyo hiyo hiyo watakayoitegemea.

Sasa twende kwenye kichwa. Mwaka 1899, kule The Hague, mataifa yalitoa azimio la kukataza vitani vichwa vinavyotanuka au kubapa kirahisi ndani ya mwili wa binadamu. Azimio hilo lilivilenga hasa vichwa ambavyo Waingereza walikuwa wamevitengeneza kwenye karakana ya Dum Dum, karibu na Calcutta. Kuanzia hapo risasi ya kijeshi ya bastola kwa kawaida imekuwa na sura moja: kiini cha yale madini laini kilichovikwa koti gumu la shaba au chuma, na ncha ya mviringo kama yai. Azimio linahusu majeshi yanapopigana. Halimhusu raia anayelinda nyumba yake, wala polisi. Ndiyo maana risasi ya kujilinda inayouzwa madukani leo kwa kawaida ina tundu nchani. Kichwa kikiingia mwilini, tundu lile hujaa majimaji, ncha hufunguka kama ua, kichwa hutanuka na kupoteza mwendo.

Mafundi waliozichonga bastola za zamani walizichonga kuifuata ncha ya yai. Fikiria kinachotokea ndani. Slaidi ikirudi mbele husukuma risasi ya juu kutoka kwenye magazini. Ncha ya kichwa hugusa mteremko mdogo wa chuma chini ya mdomo wa mtutu, huupanda, na risasi huingia chembani. Safari yenyewe ni fupi kuliko kidole cha mtoto. Ncha ya yai huteleza vizuri. Ncha yenye tundu ina mdomo mpana na bapa, na mara nyingi risasi nzima ni fupi kidogo, kwa hiyo hugusa mteremko mahali ambapo fundi hakupakusudia. Ukingo wa tundu ukikwama kwenye chuma, slaidi husimama katikati, na bastola inakuwa kipande cha chuma tu mkononi.

Mfano ulio wazi ni Browning Hi-Power. John Browning alifariki mwaka 1926 kabla haijakamilika, na Dieudonné Saive akaimalizia kwenye kiwanda cha FN, Ubelgiji. Ilitoka mwaka 1935 ikiwa na magazini ya risasi 13, jambo kubwa kwa wakati wake. Zile za zamani zina mteremko wenye nundu. Ukipitisha ncha ya kijiti juu yake utaihisi. Risasi ya yai huipita nundu hiyo bila taabu, lakini yenye tundu pana mara nyingi hugota hapo. Zile zilizotengenezwa baadaye zililainishwa mteremko. M1911 ya Wamarekani nayo ni vivyo hivyo: iliundwa kwa kichwa cha .45 chenye uzito wa gramu 15 hivi, cha mviringo, na nyingi za jeshi hazikuwahi kuonja kitu kingine hadi zilipoingia mikononi mwa raia. Fundi bingwa anaweza kuusugua mteremko ukalainika. Asiye bingwa ataubadilisha mwinamo wake, na hapo hata risasi ya yai itaanza kukwama. Mimi nisingeruhusu mtu aishike bastola yangu na msasa kabla sijajaribu aina tatu au nne za risasi.

Mtu atauliza: kama risasi ya yai haikwami, kwa nini tusiishie hapo? Kwa sababu inapita. Kichwa chenye koti gumu hutoboa na kuendelea na safari, na kuta za ndani za nyumba nyingi za Marekani ni mbao zilizofunikwa kwa ubao wa jasi. Aliyezoea nyumba ya matofali ya saruji hana budi kuondoa picha hiyo kichwani. Chumba cha watoto upande wa pili wa ukuta wa jasi hakina kinga yoyote, na hata kichwa chenye tundu kikimkosa mtu kitaupita ukuta huo. Tofauti ni kwamba kikimpata aliyekusudiwa kina nafasi kubwa ya kubaki ndani yake.

Lakini kutanuka nako kuna gharama, na gharama hiyo ililipwa hadharani mjini Miami tarehe 11 Aprili 1986. Maofisa wa FBI walipambana na majambazi wawili wa benki. Mapema katika mapambano, kichwa cha 9 mm chenye tundu kilimpata Michael Platt kwenye mkono, kikapenya hadi kifuani, kikatanuka kama kilivyokusudiwa, kisha kikasimama kabla ya kuufikia moyo. Platt aliendelea kupigana. Maofisa wawili, Benjamin Grogan na Jerry Dove, waliuawa, na wengine watano wakajeruhiwa. Baada ya hapo FBI iliweka kipimo ambacho hadi leo watengenezaji wanakifuata: kichwa kifyatuliwe kwenye jelatini ya asilimia 10, inayosimama badala ya nyama ya mwili, tena baada ya kupita kwenye nguo nzito na vizuizi vingine, na kizame angalau inchi 12 bila kuzidi 18, yaani kati ya sentimita 30 na 45 hivi.

Sasa chukua kipimo hicho ukiweke mbele ya bastola ndogo za zamani. Kutanuka kunakula nguvu, na kuzama kunakula nguvu hiyo hiyo. Luger na .45 zina nguvu ya kutosha kufanya yote mawili. Risasi ya .32, inayoitwa pia 7.65 Browning, haina. Ikitanuka huishia njiani, na ikikataa kutanuka huwa sawa na ya yai. Kwa bastola kama Beretta 1935 au CZ 70, mimi nachagua kichwa cha yai bila kusita. Sababu ya pili ni ya kimitambo: kitako cha ganda la .32 kina ukingo uliochomoza kidogo, na risasi zenye tundu, kwa kuwa ni fupi, huacha nafasi ndani ya magazini. Risasi hutikisika humo, ukingo wa ya juu hurudi nyuma ya ukingo wa ya chini, zinashikana, na magazini inagoma. Huwezi kuligonga hilo likaachia. Lazima uitoe magazini na kuzitenganisha kwa mkono.

Makarov inakaa mpakani. Kichwa chake cha gramu 6 hivi husafiri mita 300 na kitu kwa sekunde. Risasi nyingi za tundu za Kirusi zilizouzwa kwa bei rahisi zilikuwa na koti gumu mno, zikitoboa kama za kijeshi. Nyingine tundu lake hujaa nyuzi za nguo, likaziba, na ncha isifunguke. Kampuni ya Hornady inatengeneza risasi ya 9x18, yaani ya Makarov, ambayo tundu lake limezibwa kwa kipande laini cha plastiki. Kipande hicho huzuia nguo kuziba tundu, kisha husukumwa ndani na kuifungua ncha. Faida ya pili haisemwi sana, na kwa bastola kongwe naiona kubwa zaidi: plastiki ile inairudishia ncha umbo la yai. Mteremko wa mwaka 1951 unadhani umeletewa kitu unachokijua.

Baada ya umbo lije shinikizo. Kwenye maboksi mengine utaona alama ya +P. Maana yake baruti imesukumwa zaidi ya kiwango cha kawaida. Kwa Luger kiwango cha Marekani ni pauni 35,000 kwa inchi ya mraba, na +P inafika 38,500. Kwa .45 ni 21,000 na 23,000. Tofauti inaonekana ndogo kwenye karatasi. Bastola mpya imekadiriwa kwa ajili yake. Walther P38 iliyochongwa wakati wa vita, wafanyakazi wamechoka na chuma kimeadimika, haikukadiriwa, na slaidi za P38 zinajulikana kwa kupasuka. Bastola za Star za Uhispania na Hi-Power za zamani nazo ziache zile chakula cha kawaida. Hakuna mita kumi za ziada kwa sekunde zitakazokufaa kama slaidi imepata ufa.

Hatari kubwa zaidi ya shinikizo iko kwenye ukoo mmoja wa risasi. Mwaka 1896 Wajerumani walitoa Mauser C96 yenye risasi ya 7.63. Warusi waliipenda, wakaiiga, wakaiita 7.62x25, na Fedor Tokarev akaijengea bastola yake ya TT. Vipimo vya risasi hizi mbili vinakaribiana kiasi kwamba moja huingia kwenye chemba ya mwenzake. Ila ya Kirusi hujazwa kwa nguvu zaidi. Mwenye Mauser ya babu yake asiilishe Tokarev kamwe, hata kama inaingia bila ubishi. Kuna pia CZ 52 ya Kicheki inayotumia risasi hiyo hiyo ya Tokarev. Kwa miaka mingi watu wameisifia kuwa ngumu kuliko TT, na sifa hiyo imewaponza, kwa sababu mtutu wake umechongwa ukawa mwembamba chini ya chemba ili kuachia nafasi vigurudumu vinavyoifunga. Pini yake nayo huvunjika kirahisi, na kile kitufe cha kushusha nyundo nisingekiamini nikiwa na risasi chembani.

Tokarev yenyewe ni kali. Kichwa chepesi cha gramu 5.5 kinaondoka kwa zaidi ya mita 400 kwa sekunde. Cha yai, ndani ya nyumba ya jasi, ni chaguo baya. Kiwanda cha Prvi Partizan cha Serbia kinatengeneza yenye tundu, na ndiyo ningeanza nayo kwenye majaribio.

Imebaki fataki, na hapa mtu wa pwani atanielewa haraka. Risasi nyingi kongwe za kijeshi, hasa zile za Tokarev zilizokuja kwenye makopo ya bati, fataki zake zina klorati ya potasiamu. Ikiungua huacha kloridi ya potasiamu, ambayo ni chumvi, ndugu wa ile ya mezani. Chumvi huvuta unyevu. Kila aliyeishi Mombasa au Tanga anajua chumvi inavyokifanya chuma cha dirisha. Mafuta ya bunduki hayaiyeyushi. Maji ndiyo yanayoiyeyusha: maji ya moto mtutuni, kukausha vizuri, kisha mafuta. Ukiacha hadi kesho kutwa utakuta kutu. Kwa mazoezi, mwenye subira ya kuosha anaweza kuzitumia. Kwa kujilinda hapana. Huwezi kujua zilihifadhiwaje miaka arobaini, na risasi iliyolowa ghalani haitoi taarifa.

Fataki ina jambo jingine. Pini ya Makarov haina springi, inaelea. Slaidi ikijifunga kwa kishindo, pini huenda mbele kidogo na kuigusa fataki. Toa risasi uliyoiingiza chembani, itazame kitakoni, utaona kidoa kidogo kama alama ya ncha ya sindano. Fataki za kijeshi ni ngumu na huvumilia. Za kiraia ni laini zaidi. Kidoa kimoja si kitu, lakini usiiingize risasi ile ile kila jioni na kuitoa kila asubuhi. Kuna sababu nyingine ya kuacha tabia hiyo: kila safari ya kupanda mteremko hukisukuma kichwa ndani ya ganda kidogo. Kikizama, nafasi ya baruti hupungua na shinikizo hupanda, kwenye bastola ambayo tumesema haitaki shinikizo.

Kabla ya kununua chochote, angalia sheria ya jimbo unaloishi. New Jersey, kwa mfano, ina masharti makali juu ya kutembea na risasi zenye tundu.

Kisha nunua springi. Springi ya kurudisha slaidi na ya magazini zikiwa za miaka hamsini, hata risasi sahihi itakwama, nawe utailaumu risasi. Springi mpya ni bei ya chakula cha mchana. Ukishaziweka, chukua risasi uliyoichagua na uifyatue uwanjani. Hapa ndipo watu hubania, kwa sababu boksi la risasi 20 au 25 za kujilinda ni ghali. Wanafyatua tano, zinapita, wanaridhika. Tano hazisemi kitu. Kipimo kilichozoeleka ni 200 bila kukwama, kwa magazini zile zile utakazozitumia. Kama fedha haitoshi, afadhali uchague ya yai ambayo umeifyatua mara mia tatu kuliko yenye tundu uliyoifyatua mara tano. Nalisema hili nikijua ukuta wa jasi uko pale pale. Ndiyo maana mwenye kuchagua ya yai anatakiwa atembee nyumbani kwake mchana, asimame pale ambapo angesimama usiku, aangalie nani analala nyuma ya kila ukuta, na aamue mapema upande gani hatafyatua kamwe.

Jamaa yangu alirudisha maboksi mawili dukani. Akabadilisha springi mbili. Boksi la kwanza la risasi zenye tundu wazi lilikwama mara mbili ndani ya risasi 50, zote zikiwa ya kwanza kutoka magazini. Akajaribu zile za ncha ya plastiki, akanunua kidogo kidogo kila alipolipwa, miezi mitatu, akihesabu kwenye daftari. Alipofika 200 bila kukwama alinipigia simu. Nikamwuliza kama kuna risasi aliyokuwa akiiingiza na kuitoa. Akasema ipo moja. Nikamwambia aisimamishe mezani kando ya mpya. Alikaa kimya kidogo, kisha akasema, "Kaka, hii imekuwa fupi."